Jumanne na Alhamisi, Saa Nane

Gaithersburg, Maryland
Jumamosi, 1 Februari 2025

Mjukuu wangu Adela,

Naanza kwa kuomba radhi, kisha nitakusalimu.

Leo asubuhi tarishi wa posta alileta bahasha iliyoandikwa "A. Kashumba". Tangu ulipohamia bwenini, A. Kashumba wa nyumba hii ni mimi Anatoli peke yangu. Nikaifungua kwa kile kisu cha barua cha marehemu bibi yako Anna, nikavaa miwani, na nilikuwa nimekwisha kusoma mistari mitatu nilipotambua kwamba A. huyo ni wewe. Muungwana angeirudisha barua ndani ya bahasha papo hapo. Mimi nilisoma hadi sahihi. Katika miaka sabini na minane sikuwahi kusoma barua isiyo yangu, hata nilipokuwa karani wa chama cha ushirika wa kahawa na barua za Bukoba nzima zikipita mezani pangu. Nisamehe.

Sasa hujambo? Baba yako Festus yuko barabarani na lori lake. Jana alipiga simu kutoka Ohio. Mama yako Flaviana yuko zamu hospitalini na anakusalimu. Mimi ni vile ulivyoniacha juzi uliponirudisha kutoka kwenye mashine ya kusafisha damu: mchovu, lakini nakula.

Barua inatoka Koleji ya Honors. Kiingereza changu cha misheni kilitosha kuielewa. Inasema wastani wako umeshuka hadi 2.9, ilhali wao wanataka usipungue 3.2. Inasema katika semina ya muhula uliopita, iliyokutana Jumanne na Alhamisi saa nane mchana, ulikosa vipindi ishirini na sita. Inasema jina lako litaondolewa katika koleji, isipokuwa ukate rufaa kabla ya kufungwa kwa ofisi siku ya Ijumaa, tarehe 21 mwezi huu.

Adela, Jumanne na Alhamisi saa nane wewe huwa umeketi karibu na kiti changu kituoni, daftari mapajani, na mimi nimefungwa mipira mkononi. Mwezi wa tisa nilikuuliza, "Siku hizo huna masomo?" Ukajibu, "Babu, niko free kama ndege." Nilikuamini, na nakiri kwamba nilipenda kukuamini.

Sikukupigia simu kwa sababu sikio langu halifai tena kwa simu. Wala Jumanne sitalisema ndani ya gari, maana mtu anayeendesha kwenye barabara ya 270 hapaswi kupewa habari nzito. Tafadhali nijibu kwa kalamu na kwa Kiswahili, kama tulivyoahidiana mbele ya bibi yako.

Ni mimi babu yako, ninayeona haya,
Anatoli Kashumba


Bwenini
Jumatano, 5 Februari 2025

Babu,

Shikamoo. Barua yako niliikuta jana jioni, baada ya kukurudisha nyumbani. Kwa hiyo jana ndani ya gari, tulipokuwa tunasikiliza habari za foleni kwenye redio, wewe ulikuwa unajua na mimi sikujua kwamba unajua. Ulinipa peremende mbili badala ya moja. Ningeshtuka pale pale.

Ya bahasha yameisha. Sasa na wewe usikasirike kwa hili: sitakata rufaa.

Nikueleze hii Honors ni nini, kwa sababu naona umeifanya kubwa kuliko ilivyo. Chuo chetu kina watu maelfu na maelfu. Kwenye madarasa ya kawaida unakaa na watu mia tatu, profesa hajui kama uko au umekufa. Sasa ndani ya chuo hicho wamejenga koleji ndogo. Mnakaa bweni moja. Mnachagua masomo mapema kabla ya wengine. Kila muhula unachukua semina moja ya watu kumi na sita, meza ya duara, hakuna mahali pa kujificha. Nusu ya maksi inatoka kwenye kuongea. Usipokuwepo huwezi kuongea, usipoongea huna maksi, na hapo ndipo wastani wangu ulipoanguka. Mwaka wa mwisho unaandika tasnifu. Ni hivyo tu.

Ukitolewa hufukuzwi chuo. Shahada ni ile ile. Kinachopungua ni mstari mmoja kwenye cheti na utepe wa shingoni siku ya mahafali. Fikiria kwaya: umetolewa sauti ya kwanza, lakini kanisani bado upo.

Mshauri wangu wa masomo, Shiku, ni Mkenya. Aliniita mwezi wa kumi na moja. "Wewe dada, hebu sema! Hapa hakuna mtu anasoma akili yako. Kuna nini?" Nikamwambia ni mambo ya nyumbani. Akasema, "Hiyo si jibu, hiyo ni mlango umefungwa." Lakini wewe na Bibi ndio mlionifundisha kwamba ya nyumbani hayapelekwi ofisini. Nilimiss semina kwa akili zangu timamu. Nikirudi nyuma nitafanya vile vile.

Kesho nakuja saa sita na nusu kama kawaida. Usinifungie mlango.

Adela

Peremende nimezila zote mbili.


Gaithersburg, Maryland
Ijumaa, 7 Februari 2025

(Nakala ya Kiswahili niliyojiwekea mwenyewe. Iliyotumwa niliiandika kwa Kiingereza. A.K.)

Kwa Mheshimiwa Profesa Delphine Contee,
Mkurugenzi wa Koleji ya Honors

Mheshimiwa,

Mimi ni babu mzaa baba wa mwanafunzi wako Adela Kashumba. Naomba uniwie radhi kwa kukuandikia bila kuitwa.

Nilisoma shule ya misheni huko Bukoba, nchini Tanzania. Kwetu mwanafunzi alipokosa, hakusimama peke yake mbele ya Padre Mkuu wa shule. Mlezi wake aliandika barua ya kuomba radhi, akalibeba kosa kwa jina lake mwenyewe, kisha akamwachia mkuu achague adhabu. Nami nafuata desturi hiyo. Kosa la Adela ni langu. Vipindi alivyovikosa alikuwa amekaa pembeni yangu, mtu mwenye figo zisizofanya kazi, akinisubiri nisafishwe damu. Hakukwambia kwa sababu tulimlea asitangaze shida za nyumbani. Malezi hayo pia ni kosa langu.

Naomba asiondolewe. Ukiona vema apewe adhabu, yuko tayari kufagia ukumbi au kupalilia bustani ya chuo kwa Jumamosi tatu, na nitahakikisha anafika.

Pamoja na barua hii napeleka kifurushi kidogo cha kahawa ya kutafuna. Ni matunda ya mibuni yaliyochemshwa na majani yenye harufu nzuri, kisha yakakaushwa; hayasagwi, hutafunwa. Kwetu mgeni hapewi neno kabla ya kupewa kahawa, wala watu waliokosana hawapatani mikono mitupu.

Nakuomba msamaha kwa urefu wa barua hii.

Mtumishi wako mtiifu,
Anatoli Kashumba


Ofisi ya Mkurugenzi, Koleji ya Honors
Jumatano, 12 Februari 2025

(Nimeitafsiri mwenyewe, neno kwa neno kadiri nilivyoweza. A.K.)

Mpendwa Bwana Kashumba,

Nimefanya kazi hapa miaka kumi na tisa na sijapata kupokea barua kama yako. Nimeisoma mara mbili.

Sheria hainiruhusu kuzungumza na mtu yeyote, hata babu, juu ya mwanafunzi yeyote bila idhini yake ya maandishi. Kwa hiyo siwezi kukubali wala kukana lolote ulilosema. Kwetu hapa mlezi habebi kosa la mwanafunzi mtu mzima. Mwenye mdomo ni yeye.

Ninachoweza kukuandikia ni yale yaliyo wazi kwa kila mtu. Mwanafunzi aliyepata notisi ana haki ya kukata rufaa kwa barua yake mwenyewe. Rufaa husomwa na kamati ya watu watatu. Kamati huuliza mambo mawili: ni nini kilitokea, na ni nini kimebadilika ili kisitokee tena. La pili lina uzito kuliko la kwanza. Jambo jingine lililo wazi ni hili: nafasi za utafiti kwenye mashamba ya serikali huko Beltsville huenda kwa wanachama wetu wa mwaka wa tatu peke yao. Anayeondolewa hupoteza nafasi yake, na hupewa anayefuata katika orodha.

Kuhusu kahawa: haturuhusiwi kupokea zawadi kutoka kwa familia yenye shauri mbele yetu. Nimelazimika kuandika taarifa, na nikipelekewa rufaa inayokuhusu, sitaketi katika kamati. Kifurushi kimefungwa na kuhifadhiwa kwa katibu wangu. Nasikitika kwa hayo. Nimeambiwa kinanukia vizuri sana.

Kwa heshima,
Delphine Contee


Bwenini
Ijumaa, 14 Februari 2025

Babu,

Shikamoo, lakini leo kwa shida.

Asubuhi nimeitwa ofisini. Profesa Contee amesimama mlangoni, hata hajaketi. "Adela, there's a package." Pale mezani kwa katibu nikaona akamwani, zile kahawa zako za kutafuna, zimefungwa kwa jani la mgomba lililokauka, na utepe wa Krismasi ya mwaka juzi. Babu! Nilitaka sakafu ipasuke.

Unajua ulichofanya? Kwenye kamati ile, mtu pekee anayenijua, tangu mwaka wa kwanza, ni yeye. Ndiye anayefundisha semina yangu. Ndiye aliyeandika barua ya kuniombea nafasi Beltsville. Sasa kwa sababu ya kahawa yako amejitoa, na anakuja mtu wa idara ya hesabu ambaye hajawahi kuniona. Na watu wote ofisini wanajua habari za figo zako. Shiku amecheka mpaka machozi. "Huyo guka wako ni wa moto! Ametaka upalilie maua?"

Nimemjibu Shiku vibaya. Kisha nimekaa kwenye ngazi, na nimelia, si kwa sababu ya kahawa.

Sikukwambia yote. Mwezi wa kumi na mbili nilipata nafasi Beltsville. Kuna mtaalamu wa udongo pale, Dk. Chelagat, alikubali nifanye tasnifu yangu kwake kuanzia vuli ijayo: ule mnyauko wa migomba, jinsi unavyobaki ardhini baada ya kung'oa shina. Ule ule uliomaliza shamba la Bibi kule Kanyigo. Nilipokuambia Honors ni utepe tu, nilikuwa najisemea mwenyewe ili niizoee.

Kwa hiyo nitakata rufaa. Usifikiri ni kwa ajili ya barua yako. Ni kwa sababu sasa kila mtu amesikia hadithi yangu kutoka kwa mtu mwingine, na mimi ndiye mwenye mdomo.

Rasimu iko ndani. Isome polepole. Aya ya tatu nimeandika: "Babu yangu hana njia nyingine ya kufika kituoni Jumanne na Alhamisi." Na kwenye swali la nini kimebadilika, kwa kuwa semina ya muhula huu nayo ni saa nane siku zile zile, nimewaomba wanihamishie ya asubuhi, ingawa hawana, wataniambia hapana, halafu sijui. Ila sina kingine cha kuandika.

Chini ya rufaa natia sahihi kiapo kile kile tunachotia kwenye kila mtihani, kwamba kila neno ni kweli. Kwenye kiapo hicho hakuna mchezo. Ukigundulika umedanganya, hutoki Honors, unatoka chuo kizima. Basi soma kama karani. Ukiona neno si sahihi nionyeshe Jumanne nikija kukuchukua.

Adela


Gaithersburg, Maryland
Jumanne, 18 Februari 2025, saa tano asubuhi

Adela,

Barua hii nimeibandika mlangoni kwa sababu utakapofika sitakuwepo. Usiogope, siko hospitalini. Naomba usome hadi mwisho kabla ya kukasirika, kisha ukasirike kadiri upendavyo.

Nimesoma rasimu yako kama karani. Aya ya tatu si kweli.

Katika Biblia yangu, kwenye Zaburi, kuna karatasi ya kaunti. Ni kibali cha lile gari dogo linalowapeleka wazee na wagonjwa kliniki na kuwarudisha. Mama yako alinijazia fomu mwezi wa nane. Kibali kikaja tarehe 9 Septemba, siku nne baada ya wewe kunipeleka kwa mara ya kwanza. Mama yako aliponiuliza nilimwambia bado wanachunguza. Wewe sikukwambia chochote. Nilikitia katika Zaburi, na kila Jumapili kanisani nilikifunua bila kukusudia, nikakifunika.

Nitakueleza sababu, ingawa sababu haiondoi dhambi. Bibi yako alipofariki, nyumba hii ilibaki na watu watatu wanaopishana mlangoni. Baba yako yuko Ohio au Tennessee. Mama yako hutoka kabla hakujapambazuka. Mwezi wa tisa ukaja wewe na funguo za gari mkononi, na mara mbili kwa juma nilikuwa na mtu wa kuzungumza naye dakika ishirini za kwenda, saa nne za kiti na dakika ishirini za kurudi. Nilikuwa naamka Jumanne kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Ukaniambia uko huru kama ndege, nami sikuuliza mara ya pili, maana mwenye kuuliza mara ya pili anaweza kujibiwa.

Mzee Nyandwi, yule Mrundi wa kiti cha pembeni, alinigundua tangu Novemba. Wewe ulikuwa umetoka kununua chai. Akaniambia, "Wewe Mtanzania, miye nakuja na gari ya kaunti kila mara, inanichukua kwa mulango. Wewe unangojea chauffeur wa familia kama waziri!" Nikamjibu kwamba mjukuu wangu hana vipindi. Akasema, "Mutoto wa université hana kipindi Jumanne? Mzee, université gani hiyo, ya malaika?" Nilicheka. Tangu siku hiyo nikawa najifanya nimesinzia kila alipotaka kuzungumza.

Niliandika kwa Profesa kwamba kosa ni langu. Nililiandika kama tulivyofundishwa, kwa maneno mazuri ya kuombea mwingine, na ndani yake nilificha kosa langu halisi. Nimewahi kuomba radhi mara nyingi maishani, Adela. Ni tabia yangu, na bibi yako alikuwa akinicheka kwamba hata kuku nikimkanyaga namwandikia. Hii ndiyo mara ya kwanza ninayoomba radhi na kuogopa jibu.

Basi futa aya ya tatu. Andika ukweli: kwamba njia ilikuwepo na babu yako aliificha. Usinisitiri. Na pale wanapouliza ni nini kimebadilika, andika kwamba Jumanne tarehe 18 Februari Anatoli Kashumba alipanda gari la kaunti saa tano na nusu, na atalipanda kila Jumanne na kila Alhamisi. Nakala ya kibali iko ndani ya bahasha hii, nimeipiga maktabani; jana nilikwenda bure, maana maktaba ilikuwa imefungwa kwa sikukuu, nikarudi leo ilipofunguliwa.

Nalisikia gari. Dereva ni kijana wa Kikongo aitwaye Josué, na amenipigia honi kwa adabu.

Siandiki "wako". Sijui kama ninastahili leo.

Anatoli Kashumba


(Nyuma ya bahasha iliyobandikwa mlangoni)

Jumanne, saa sita na dakika arobaini

Babu,

Nimesoma hadi mwisho, mara mbili, nikiwa kwenye ngazi, na jirani ananichungulia kwa dirisha.

Ungeniambia. Ungesema tu, "Adela, ninataka mtu wa kuongea naye." Ningekuja Jumapili. Ningekuja Jumamosi. Ningekuja na nguo chafu nifulie hapo kama wanafunzi wengine wote.

Na mimi ningekuambia nina semina. Hilo pia najua.

Nimekasirika. Nitakasirika mpaka Ijumaa angalau. Lakini sasa hivi ni saa saba kasoro dakika ishirini, semina ni saa nane, 270 haina foleni, na gari limewaka.

Naenda kukaa kwenye kiti changu.

A.


Bwenini
Alhamisi, 6 Machi 2025

Babu,

Shikamoo. Hii ya leo ni ya kweli.

Kamati imeniita Jumatatu. Watu watatu na jagi la maji. Yule wa hesabu alikuwa na rufaa yangu ameipigia mistari kila mahali. Akauliza, "Unatuambia kwamba babu yako alikudanganya, na wewe ulimdanganya, kwa muda wa miezi mitano, kwa sababu mnapendana?" Nikasema, "Ndiyo, sir." Akaandika kitu. Akauliza tena, "Na huyu babu, sasa anapanda hilo gari?" Nikampa karatasi za Josué, zile anazotia muhuri kila safari. Nne. Akazihesabu kwa kidole.

Mama ameniambia Alhamisi ile ya theluji Josué alichelewa saa nzima, na wewe ulisimama kwenye kibaraza na koti la Baba, ukamkataza asinipigie simu. Babu, saa nzima ni nyingi. Siku nyingine ngoja ndani. Lakini nilipoiona ile karatasi ya theluji ina muhuri kama zingine, nilijua nitajibu maswali yao yote.

Wamekubali, kwa masharti. Muhula huu niko chini ya uangalizi. Nisikose kipindi hata kimoja bila barua. Wastani ufike 3.2 kufikia Mei. Nimepiga hesabu, inabidi nipate A tatu na B moja, hakuna pa kuteleza. Niandike insha ya kurasa kumi na tano kufidia semina niliyoiharibu. Beltsville wananishikia nafasi mpaka matokeo yatoke, siku moja zaidi hapana. Shiku amesema, "Sasa wewe ni kulala na kitabu, kuamka na kitabu." Nimemwomba msamaha kwa yale maneno. Akasema alishasahau, halafu akayarudia yote neno kwa neno.

Yote hayo yameandikwa kwenye mkataba. Honors wanapenda mikataba. Hata ukitaka kuongeza kazi kwenye somo la kawaida, wewe na profesa mnaandikiana. Huu wangu una nafasi tatu za sahihi: mwanafunzi, mshauri, mkurugenzi. Sisi wawili tumeshatia, anabaki Profesa Contee. Nakutumia wewe uusome kwanza, kwa sababu unasoma vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, na kwa sababu safari hii bahasha nimeandika Anatoli kwa kirefu.

Kahawa imerudi kwangu, shauri limekwisha. Nimeipeleka semina. Watu kumi na sita na Profesa, meza nzima inatafuna. Mark, mmoja wao, alizimeza punje nne kama dawa kabla sijaeleza, akaongea saa nzima bila kupumua. Profesa amechukua mbili, ametafuna, kisha amesema, "Now we may speak."

Adela


Gaithersburg, Maryland
Jumatatu, 10 Machi 2025

Mjukuu wangu Adela,

Marahaba. Barua yako nimeipokea ikiwa katika bahasha iliyoandikwa jina langu kamili, na nikaifungua kwa dhamiri safi.

Mkataba nimeusoma. Umeandikwa vema, lakini una upungufu mmoja. Sharti la kwanza linasema mwanafunzi asikose kipindi. Mimi najua, na kamati inajua, kwamba sharti hilo haliko mikononi mwa mwanafunzi peke yake. Kwa hiyo nimechukua rula na kuchora mstari wa nne chini ya ile mitatu, nikatia sahihi yangu, na juu yake nimeandika kwa Kiingereza: "Babu, ambaye atajipeleka mwenyewe." Naomba radhi kwa Profesa Contee kwa kuandika katika karatasi ya ofisi yake. Akiona haifai, na aikate kwa kalamu nyekundu. Sitaandika barua nyingine, wala sitatuma kitu chochote cha kutafuna.

Habari za hapa ni hizi. Gari linafika saa tano na nusu, mara nyingine sita. Sasa nangoja ndani. Njiani tunawachukua mama mmoja wa Kihindi na Mzee Nyandwi. Siku ya kwanza Nyandwi aliponiona ndani ya gari alivua kofia. "Eh! Waziri amefukuzwa kazi!" Gari zima likacheka, hata yule mama asiyejua Kiswahili. Siku hizi sijifanyi kusinzia. Nyandwi amekuwa mgane miaka sita. Hakuwahi kuniambia, kwa kuwa sikuwahi kumpa nafasi. Ananifundisha Kirundi, nami namrekebisha Kiswahili chake, naye anakataa kurekebishwa.

Sitakudanganya kwamba saa nne zile ni fupi kama zamani. Ni ndefu. Alhamisi iliyopita, ilipofika saa nane, niliitazama saa ya ukutani nikajua kwamba mahali fulani mlango umefungwa na watu kumi na sita wameketi, na mmoja wao ni wako. Nilikaa na wazo hilo mpaka mashine ikalia.

Jumapili ya tarehe 23 mama yako hana zamu na baba yako atakuwa amerudi. Njoo na nguo chafu. Ndizi zitakuwepo. Ukiwa na kurasa kumi na tano za kuandika, zilete pia. Meza ya chumba changu ni kubwa, nami nitakaa kimya.

Nina ombi moja, kisha nafunga. Katika safari zetu zote za 270 nilikuuliza juu ya chakula, baridi na matairi. Sikukuuliza hata mara moja, katika chumba kile cha meza ya duara, watu walikuwa wanazungumza nini. Siku yako ya kwanza ya kuandika ikifika, nieleze: swali lilikuwa lipi, nani alisema nini, nani alimbishia, na wewe ulisema nini. Andika yote. Jumanne na Alhamisi nina saa nne za kusoma.

Wako,
Babu Anatoli